Nahodha Mpya na Chombo Kibovu: Habari za Mto Wetu hapa Basoko

Mahali mto Aruwimi unapomwaga maji yake katika mto mkubwa wa Kongo, hapo ndipo ulipo mji wa Basoko. Msomaji ambaye hajapata kufika huku na afungue ramani; aanzie Kisangani, ashuke pamoja na maji kuelekea magharibi, na ukingoni, mkono wa kuume, ataliona jina letu. Vyombo vyote vinavyofanya safari ya Kinshasa na Kisangani, kilomita 1,734, hupita mbele ya mji huu. Vingi vimepita vikipiga filimbi kwa fahari. Vingine vimepita vikiwa vimefungwa ubavuni mwa vyombo vizima, kama mgonjwa anayeegemea bega la nduguye. Habari ya leo ni ya hivi vya pili, na ya watu waliokabidhiwa kuviongoza.

Tarehe 12 Juni 1887 msafara wa Stanley, uliokuwa ukienda kumtafuta Emin Pasha, ulitia nanga ng'ambo ya Basoko. Wapagazi wake wengi walikuwa watu wa Unguja, na lugha yao ni hii hii tunayoisoma hapa. Ubavuni mwa stima iliyoitwa Stanley kilifungwa chombo kipya cha chuma, jina lake Florida. Bodi lake lilikuwa tayari, lakini ndani hamkuwa na injini inayofanya kazi. Msafara ulikiazima hivyo hivyo kikiwa nusu, ukakijaza watu na mizigo, ukakikokota hadi Yambuya, kwenye maporomoko ya Aruwimi.

Mwenye chombo hicho alikuwa Henry Shelton Sanford, Mmarekani aliyepata kuwa balozi wa nchi yake huko Ubelgiji. Alikuwa na mashamba ya michungwa katika jimbo la Florida, na bila shaka jina lilitoka huko. Lakini kwa nini mtu mwenye mali awe na stima isiyo na injini? Jibu ni njia. Kati ya Matadi na Kinshasa mto hauendeki kwa sababu ya maporomoko. Basi kila stima ya kwanza ya mto wa juu ilikatwa vipande huko Ulaya, kila kipande kikafanywa mzigo wa kama kilo 30, kisha mizigo ikapandishwa milimani juu ya vichwa vya watu, mwendo wa zaidi ya kilomita 300. Mzigo mmoja ukichelewa, au ukianguka mtoni, stima nzima hungoja. Walioibeba kwa shingo zao hawakuandikwa majina. Neno hili nitalirudia baadaye.

Katika safari hiyo hiyo, mwezi wa Mei, hata stima iliyokuwa ikikokota nayo ilipatikana. Kabla ya kufika Bolobo ilipanda mwamba, na mabati ya chini yakatobolewa. Ribiti nyingine zikakatika, nyingine zikalegea. Hapakuwa na karakana wala duka. Mafundi walichukua mapipa ya mafuta yaliyokwisha kutumika, wakayakata yawe viraka. Wakakata turubai kwa kipimo kile kile, wakalipaka rangi nzito ya risasi nyekundu ili lishikamane na kuzuia maji. Kisha mtu akaingia mtoni, akapapasa chini ya bodi mpaka akaipata tundu, akakishika kiraka kwa nje huku mwenzake, aliyesimama ndani ya maji yaliyojaa ngamani, akikikaza kwa ndani. Kwa namna hiyo walikwenda kiraka kwa kiraka, na stima ikaelea tena, ikafika Basoko na Yambuya, ikarudi. Mimi huwasimulia wanafunzi habari hii kila tunaposoma juu ya vyuma, kwani ndani yake mna hesabu, mna elimu ya maji, na mna ubishi mwema wa fundi asiyekubali kushindwa.

Sasa turudi kwa Florida. Baadaye ilitiwa injini, ikaingia mikononi mwa kampuni ya Wabelgiji ya biashara ya Kongo ya Juu. Nahodha wake, Mdenmark aliyeitwa Freiesleben, aliuawa Januari 1890 huko Tchumbiri katika ugomvi na wenyeji. Kampuni ikatafuta nahodha mpya, na huko Brussels ikampata mtu mmoja Mpolandi aliyefanya kazi katika meli za Waingereza. Huyo ndiye Joseph Conrad, ambaye baadaye ulimwengu wote ulimjua kwa vitabu vyake.

Conrad alikuwa mtu wa matanga. Miaka miwili kabla, mwaka 1888, alipokea huko Bangkok meli ya matanga iitwayo Otago, baada ya nahodha wake wa kwanza kufa safarini. Alizijua kamba, milingoti na bahari kuu. Mto haukuwa shule yake. Hata hivyo alikubali, akasafiri, akatembea kwa miguu kutoka Matadi, akafika Kinshasa tarehe 2 Agosti 1890. Huko akakuta habari mbaya: stima aliyokuja kuiongoza ilikuwa imevunjika tarehe 18 Julai. Siku 5 baadaye ilirudishwa Kinshasa ikiwa mbovu, nayo ikangoja.

Hapa inafaa tutenganishe kitabu na mambo yaliyotokea, maana watu wengi huyachanganya. Katika riwaya yake, Heart of Darkness, iliyotoka katika gazeti mwaka 1899 na katika kitabu mwaka 1902, Conrad anamweleza nahodha anayeikuta stima yake imezama, akaiopoa, akakaa miezi kadhaa akiitengeneza. Kinachomkosesha usingizi ni ribiti. Bila ribiti mabati hayashiki, na ribiti haziji. Lakini Conrad mwenyewe hakuitengeneza Florida. Mara tu baada ya kufika alipandishwa katika stima nyingine ndogo, Roi des Belges, chini ya nahodha Koch, ajifunze mto. Mwezi huo wa Agosti alipita hapa Basoko, ambapo Serikali ya Leopold ilikuwa imejenga kambi yenye ngome mwaka mmoja kabla. Tarehe 1 Septemba akafika Stanley Falls, yaani Kisangani ya leo. Koch alipougua, Conrad alipewa barua ya tarehe 6 Septemba ya kumwamuru aishike stima mpaka mwenyewe apone. Huo ndio unahodha wake wote katika mto wetu: wa siku chache, wa chombo cha mtu mwingine. Tarehe 24 alikuwa amerudi Kinshasa. Florida hakupewa kamwe, na kabla mwaka haujaisha alikuwa njiani kurudi Ulaya, mgonjwa na mwenye uchungu.

Kwa nini basi akaandika habari ya matengenezo ambayo hakuyafanya? Mimi nadhani, na msomaji aweza kunipinga, kwamba baharia yule alijua jambo moja: nahodha aliyepewa cheo kwa karatasi hawi nahodha mpaka ameshika chombo kwa mikono. Alinyimwa kazi hiyo katika maisha, akaitenda katika kitabu. Lakini kitabu hicho kina upungufu mkubwa ambao Chinua Achebe aliuonyesha katika hotuba yake ya mwaka 1975: Waafrika wamo humo kama vivuli. Nani alikata kuni kila jioni? Nani alipima kina cha maji kwa mti mrefu, nani alichochea moto, nani aliingia chini ya bodi? Conrad hakutuambia majina yao.

Kuna stima nyingine iliyopita Basoko katika msafara ule ule wa 1887, na habari yake ni ya namna nyingine kabisa. Iliitwa Peace, maana yake Amani. Stanley aliiazima kwa wamisionari Wabatisti, nayo haikumpa amani. Usukani wake ulivunjika mwanzoni kabisa mwa safari. Lakini aliyeiunda alikuwa mtu asiyeogopa chombo kibovu.

George Grenfell alizaliwa Cornwall, Uingereza, mwaka 1849, akalelewa Birmingham, na katika ujana wake alifanya kazi katika nyumba ya biashara ya vyuma na mashine. Robert Arthington wa Leeds, tajiri aliyeishi kama maskini, alitoa fedha za kununua stima. Ikajengwa mwaka 1882 kando ya mto Thames, Grenfell mwenyewe akisimamia. Urefu wake ulikuwa kama mita 21, upana mita 3 na kidogo, na tumbo lake liligawanywa vyumba saba visivyopitisha maji, ili kimoja kikitoboka vingine vielee. Ilijaribiwa majini, kisha ikafunguliwa yote, ikawa mizigo kama 800, ikaletwa Kongo. Mafundi waliotumwa kutoka Uingereza kuiunganisha walikufa, mmoja baada ya mwingine, kabla ya kuanza kazi. Vipande vikabaki vimerundikwa kando ya maji huko Kinshasa.

Angeweza kuandika barua nyingine na kungoja mafundi wengine. Badala yake yeye na vijana wa Kiafrika aliokuwa nao walianza kuiunganisha. Wengi wa vijana hao hawakuwa wamepata kuona stima. Msomaji ambaye hajaona kazi ya ribiti na aelewe hivi. Mabati mawili hulazwa ukingo juu ya ukingo, matundu yakikutana. Kijana mmoja huichoma ribiti motoni hata iwe nyekundu, huikamata kwa koleo, humtupia mwenzake ambaye huitia tunduni. Mmoja hukaa ndani akiikandamiza kichwa kwa nyundo nzito. Mwingine, nje, huipiga ncha mpaka itandazike. Ribiti ikipoa hujikunja, nayo huyavuta mabati yabanane kuliko mkono wa mtu uwezavyo. Baada ya hapo kingo hugongwa kwa patasi butu ili zizibe kabisa. Ribiti moja ikipoa kabla ya kupigwa, hapo ndipo maji yatakapoingia. Sasa fikiri maelfu ya ribiti, jua la Kinshasa, na homa.

Juni 1884 Peace ikashushwa majini, moto ukawashwa, ikaenda. Na kwa kuwa aliijua kila ribiti, Grenfell aliweza kuipeleka mahali ambapo nahodha wa karatasi asingethubutu. Katika miaka miwili iliyofuata alipanda hadi Stanley Falls, akaingia Aruwimi wetu, akauchunguza Ubangi, mkewe Rose akiwa pamoja naye. Ramani aliyoichora ya mito hii ilitumiwa kwa miaka mingi. Mwaka 1890 Serikali ya Leopold ilimnyang'anya stima hiyo kwa shughuli zake, kisha ikamrudishia.

Grenfell hakuwa wa Kanisa letu, na wazee wanakumbuka jinsi misheni za pande mbili zilivyopigania vijiji vya mto huu. Hilo halinizuii kusifu kazi njema. Tena, mtu ninayetaka kumtaja zaidi ni mwana wa nchi hii. Disasi Makulo alizaliwa katika nchi ya kandokando ya Basoko. Mwaka 1883, akiwa bado mtoto, alitekwa na watu wa Tippu Tip. Stanley alimkomboa, akamwacha Kinshasa kwa Swinburne, Mwingereza yule yule ambaye mwaka 1887 angekubali Florida iazimwe. Kutoka kwa Swinburne alihamia kwa Grenfell, akasafiri naye katika Peace, akajifunza kusoma, akawa mwalimu wa dini. Mwanzoni mwa karne ya 20 alirudi kwao na kufungua kituo Yalemba, karibu na mahali mito miwili inapokutana. Alitoka kwao amefungwa kamba katika mtumbwi wa watekaji. Alirudi mtu huru, mwenye kazi ya kufanya. Maisha yake aliyasimulia, mwanawe akayaandika, nacho kitabu hicho kilichapwa mwaka 1983 na Wapaulo wa Kinshasa, ambao ni Wakatoliki. Hivyo tunalo angalau jina moja kati ya yale ambayo Conrad hakuyaandika.

Grenfell alipougua homa ya mkojo mweusi huko Yalemba mwaka 1906, vijana wake walimtia katika stima, wakamshusha hadi Basoko kwa daktari wa Serikali. Alifia hapa tarehe 1 Julai, akazikwa hapa. Waliomleta ni wale wale aliowafundisha kuwasha boila na kushika usukani.

Nimesikia watu wakisema kwamba chombo kikishatupwa hakifufuki, na fedha ya kukitengeneza ni fedha iliyopotea. Kuna mfano wa kuwajibu, nao unaanzia kwa jirani zetu. Mwaka 1912 huko Lytham, Uingereza, iliundwa mashua ndogo ya moshi iliyoitwa Livingstone. Ilifanya kazi katika Ziwa Albert. Mwaka 1951 Wamarekani walikuja kupiga filamu ya The African Queen, sehemu yake katika mto Ruiki karibu na Ubundu, juu ya Kisangani, na sehemu nyingine Uganda. Na mashua hiyo ikapata jina la filamu. Baadaye iliuzwa ng'ambo, ikapita mkono hata mkono. Mnamo 1982 mwanasheria mmoja aliikuta katika malisho ya ng'ombe huko Marekani, na tazama, ni katika jimbo lile lile la Florida. Aliitengeneza, alipofariki ikaachwa tena. Kisha nahodha mmoja na mkewe wakaikodi, wakang'oa chuma kilichooza, wakatia kipya, wakaweka boila mpya, na mwaka 2012, ilipotimiza miaka 100, ikaanza tena kubeba abiria. Kilichowawezesha ni kwamba waliipasua yote kwanza na kuitazama ndani kabla ya kununua rangi.

Hapo ndipo wengi hukosea katika mto wetu wa leo. Vyombo vingi vinavyopita Basoko sasa ni vya mbao, vile tuviitavyo balenieri, vilivyoundwa na maseremala wa ukingoni na kutiwa injini ya dizeli, mara nyingi iliyokwisha kuzeeka katika kazi nyingine. Vinabeba mahindi, mawese, samaki wa kukaushwa, mbuzi, na watu juu ya hayo yote. Mtu akinunua balenieri kuukuu, jambo la kwanza afanyalo ni kuipaka rangi na kuiandika jina jipya, pengine jina la mtakatifu. Jina zuri ni jema. Lakini mtakatifu hapigi kalafati.

Hasara yake tunaijua. Aprili 2025 mashua ya mbao HB Kongolo ilishika moto karibu na Mbandaka, ikapinduka, na zaidi ya watu 140 wakapoteza maisha. Ilisemwa kwamba moto ulianzia kwenye jiko la abiria aliyekuwa akipika. Chombo kilichojaa kupita kiasi, kisicho na mahali pa kupikia wala namna ya kuuzima moto, hakihitaji mwamba ili kiangamie.

Basi nahodha mpya aliyekabidhiwa chombo kuukuu afanyeje? Mafundi wa mtoni niliozungumza nao wanakubaliana katika mambo machache. Ngoja wakati wa maji madogo, chombo kiburutwe juu ya mchanga, kiegemezwe kwanza upande mmoja, kesho yake upande wa pili. Mizigo yote, mbao za kukanyagia, hata majivu na mchanga uliolala ngamani, vyote vitoke, maana uozo hupenda kukaa chini ya uchafu uliolowa. Ikiwa ni chuma, pita na nyundo ndogo ukigonga bati kwa bati. Chuma kizima hulia kama kengele, kilicholiwa na kutu hutoa sauti iliyokufa. Boila isiwashwe moto kabla ya kujazwa maji baridi na kusukumwa kwa pampu, kwani maji yakipasua bati mtu hulowa tu, lakini mvuke humuua. Ikiwa ni mbao, chukua kisu, uchome pale ubao wa kwanza unapokutana na mkuku, na pale mataruma yanapokaa. Kisu kikiingia kama katika muhogo uliopikwa, ubao huo hauna dawa, ung'olewe. Kalafati ya zamani isifunikwe kwa mpya. Itolewe yote kwa ndoana, mshono ukauke, ndipo nyuzi na lami vishindiliwe.

Mmoja wao, mzee ambaye mikono yake imekuwa myeusi kwa lami, aliniambia kwamba chombo kikishakauka yeye huingia ndani mchana jua likiwa kali, akawaomba watu wafunike juu kwa maturubai mpaka kuwe giza. Hukaa humo kimya kwa muda, macho yazoee. Halafu huanza kuona vijinyota katika mbao, kimoja hapa, viwili kule. Huchukua kipande cha mkaa, akazungushia alama kila kijinyota, akavihesabu, na akitoka humwambia mwenye chombo idadi yake na bei ya kazi, kabla hajanawa mikono.